Kanda ya Bi Bosanova

Kabla ya vyama vingi kuingia Pemba, mtu wa Vitongoji aliyetaka kuozesha bintiye alimtafuta shehe, akamtafuta mpishi, halafu akenda kwa Fundi Jaribu. Jaribu alikuwa na amplifaya, spika mbili za bomba za kutundika mnazini, betri ya gari na sanduku la kanda za taarab. Siku za kawaida alitengeneza redio katika kibanda chake mjini Chake Chake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza kitu kilicho mbali, na mara nyingi ndicho alichokuwa akifanya.

Kazi ya kupiga kanda kwenye shughuli za wanawake ina ajabu yake. Mpigaji ni mwanamme, na wanawake ndani wamevua mabuibui, kwa hiyo yeye hukaa nje ya ua wa makuti na mashine yake, na kinachoingia ndani ni waya tu. Haoni kitu. Jaribu alizoea kuiona harusi kwa masikio. Vigelegele vya kumpokea bibi harusi alivijua, vya kumtia moyo mama mtu alivijua, na vile vikali vya kupokea kijembe alivijua kabla havijamaliza kupaa. Alijisifu kwa hilo, na hakuwa na mengi mengine ya kujisifia.

Kijembe huletwa na kutunza. Mwanamke akipendezwa na ubeti huinuka na noti yake, akaja nayo mbele taratibu kwa kucheza, na njiani hupita pale anapotaka kupita. Akiipunga mbele ya uso wa fulani, wimbo ule umeshakuwa wa fulani, hata kama aliyeutunga alikuwa akimlilia paka wake. Zamani mambo haya yalikuwa ya kugombea waume na majirani, na watu walinuna siku saba, wakapatana mazikoni siku ya nane.

Uchaguzi wa mwaka tisini na tano ulipopita, kununa kukapata mlezi. Watu wa kisiwa kile ni wagumu, na mtu mgumu ukimpa sababu ya kununa umempa mali. Wa chama hiki hawakununua kwenye duka la wa chama kile. Mtu akifiwa, jirani yake wa upande wa pili alipita njia akiangalia juu kama anayetafuta mvua. Hapakuwa na harusi ya watu wote tena, na kila wimbo ukawa na bendera yake. Siku moja huko Tumbe Jaribu alipiga wimbo wa ndege aliyekosa kiota, wa tangu enzi za bibi yake, na wanawake wa upande ulioshindwa wakaona wanachekwa. Viti vilivunjika, na spika moja ikateremshwa mnazini kwa mawe.

Tangu hapo alikaa kibandani kuchuja kanda zake. Wimbo wenye jembe, lililo kwenye bendera ya chama cha serikali, haukufaa upande mmoja, wenye neno haki, wito wa wapinzani, haukufaa upande wa pili. Akidhani amepata wa mapenzi matupu, anasikia mtu kaachwa, na nani tena asiyejua nani kamwacha nani? Sanduku likabaki na kanda mbili za kasida na moja ya hadithi za watoto.

Siasa zilimwingilia mpaka nyumbani kwao. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mkubwa wake, aitwaye Othman, karani wa ofisi ya serikali na mwanachama wa chama cha serikali. Jaribu alikuwa upande wa pili, zaidi kwa sababu majirani zake wote walikuwa huko. Mama yao, Bi Mize, aliishi katika nyumba ya zamani iliyokuwa baina ya nyumba zao mbili. Wiki ya uchaguzi Othman alichomeka bendera ya chama chake juu ya paa la mama. Asubuhi Jaribu alipanda akaiteremsha, akaikunja vizuri, akaiweka kizingitini kwa kaka yake. Huko kuikunja vizuri ndiko kulikomuudhi Othman zaidi. Hawakusema tena, ila salamu walizolazimishwa na msikiti, na baadaye hata hizo zikakatika, Othman alipohamia msikiti mwengine.

Bi Mize hakuwagombeza. Alimwambia Jaribu mara moja tu, akipepeta mchele, kuwa yeye hana alilobakisha kuomba duniani ila kuwaona wanawe wamekaa pamoja, na kwamba akifa kabla ya hapo atakufa na kinyongo. Jaribu alimuahidi. Alitoka pale hajui ataitimiza vipi ahadi hiyo, kwa sababu kwenda kwa Othman kumwomba radhi hakuweza, na Othman kuja kwake hangeweza.

Ndipo Abdulnasir, rafiki yake aliyekuwa fundi wa majokofu Maskati, alipokuja likizo na mfuko wa kanda. Mojawapo ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye ua kubwa sikioni, na Abdulnasir aliinunua kwa ajili ya ua hilo, akidhani ni ya Kihindi. Alipoisikiliza haikuwa ya Kihindi wala ya Kiarabu, akamwachia Jaribu. Jina la mwimbaji lilikuwa limechakaa kwa jasho la mfukoni, lakini chini ya picha yalisomeka maneno mawili, bossa nova, jina la mtindo wa muziki. Jaribu akahukumu kuwa hilo ndilo jina la bibi huyo, na ndivyo alivyojulikana Pemba nzima: Bi Bosanova.

Aliitia kanda kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza, na kazi ikasimama. Gitaa lilikuja polepole, ngoma ikipigwa kama kwa ncha za vidole, na bibi yule hakuimba kwa nguvu. Alisema tu, kama anayesema na mtu aliye kwenye mkeka mmoja naye. Nyimbo nyingine zilikuwa na mwendo wa bolero na rumba, ambao wapiga taarab wa zamani waliujua vizuri, kwa hiyo mguu wa Jaribu uliutambua kabla ya kichwa chake. Neno hata moja hakulielewa. Alisikiliza upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili, na alipofunga kibanda alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota dawa.

Wimbo usioeleweka haumgombi mtu. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, na kwa miezi kadhaa ilimjia sawa. Alianza kwa harusi ndogo ya Wete. Wanawake walikaa kimya mwanzo, kisha wakaanza kutikisa mabega, na mmoja akauliza bibi huyu ni wa chama gani. Jaribu alijibu kupitia makuti kuwa ni wa ng'ambo, hajajiandikisha. Wakacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kitu kilichosahaulika siku zile. Baada ya hapo aliitwa na pande zote mbili, na harusi zilizokusanya watu waliosusiana zikawa zinapangwa kwa siku anazopatikana yeye. Watu walinakili kanda ile mpaka sauti ya bibi ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Mkewe Jaribu, Moza, alimtania kuwa sasa ana mke mwenza asiyekula wala kuomba kanga. Ni kweli kwamba aliipenda. Jioni, kibanda kikiwa tupu, aliipiga kwa ajili yake mwenyewe.

Posa ya binti yake ilipokuja, Jaribu aliona mlango umefunguka. Asma alikuwa anaolewa na Muhannad wa Gando, kijana wa ukoo wa Kimanga uliowahi kuwa na mashamba ya mikarafuu na sasa ulikuwa na duka la vipuri. Jaribu alimtuma mama yake akamwalike Othman, kwa kuwa mwaliko wa mama haukataliwi. Othman hakusema atakuja wala hatakuja. Alisema mkewe Tamima atakwenda, na kwa watu waliosusiana hilo lilikuwa jambo kubwa.

Siku ya harusi, baada ya akdi, Jaribu alikaa nyuma ya ua wa makuti kama baba wengine wasivyokaa, kwa sababu hakumwamini mtu mwengine na mashine ile. Alisikia ndani kumetulia ghafla, akajua Tamima ameingia. Akamsikia Moza akisema, "Karibu, dada, kaa hapa," na sauti ilikuwa nzuri. Akashukuru Mungu, akabonyeza kanda.

Wimbo wa pili haujesha, Othman akatokea migombani. Alipita nyuma ili asionekane na wenzake wa chama walioko njia kuu. Alitoa salamu, akaketi juu ya kreti la soda, na kwa kuwa hapakuwa na jambo jepesi zaidi la kusema, aliuliza betri ile ya gari inakaa na moto muda gani. Jaribu alimjibu kwa kirefu. Alimweleza habari nyingi za maji ya betri kuliko mtu yeyote anavyohitaji kuzijua, na Othman alisikiliza zote. Mtu akawaletea kahawa, wakanywa kwa kupokezana kikombe.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa polepole kuliko zote. Ulipofika katikati, ndani vikapanda vigelegele, na ulipokwisha sauti ya mwanamke ikaja juu ya makuti: "Fundi, hebu urejeshe huo." Jaribu akaurejesha. Vigelegele vikapanda tena, zaidi ya mwanzo. Sauti nyengine ikadai urejeshwe. Akaurejesha. Moyo wake ulikuwa mwepesi mno. Alimwinamia kaka yake akamwambia kuwa hao wanapatana, na Othman akatabasamu, akasema bibi huyo anaimba vizuri. Jaribu aliamua kuwa wimbo ukimalizika mara hii atamwingiza kaka yake kwa mlango wa jikoni, amuonyeshe kwa mama.

Kabla haujesha, Tamima alitoka. Buibui alilitupia kichwani tu, bila kulifunga.

"Nyanyuka twende," alimwambia mumewe. "Miye n'natukanwa ndani mara ya pili sasa, na weye wakaa hapa wanywa kahawa."

Othman aliuliza katukanwa na nani. Tamima akaonyesha mashine.

"Shemegi," Jaribu alisema, "wallahi huo wimbo hata sjui wasemani."

"Hujui, na weye ndiye wauregesha?"

Othman alitazama kidole cha ndugu yake, ambacho kilikuwa bado juu ya kitufe. Alikiweka kikombe chini kwa taratibu. Alisema neno moja tu, kwamba Jaribu ameurejesha mbele yake, huku akimchekea. Kisha wakaondoka kwa njia kuu, wala si kwa migombani, watu wote wakiwaona.

Yaliyotokea ndani Jaribu aliambiwa baadaye, na kila msimulizi alikuwa na lake. Lakini walikubaliana kuwa Tamima aliupenda wimbo, akainuka na noti yake kumtunza mama wa bibi harusi, na akaipunga mbele ya uso wa Moza kwa heshima. Jirani wa Moza akanong'ona kuwa mume wa huyu yupo serikalini, huko wapo wanaojua lugha zote, hakuinuka bure. Moza akamtuma mtu adai wimbo urejeshwe, akainuka yeye, akaipunga noti yake kwa Tamima. Sasa waliokuja na Tamima wakasema kumbe yapo yaliyokusudiwa, maana Moza ndiye mke wa mwenye kanda, na mwenye kanda ajua maneno yake. Mara ya tatu noti zilikaribia kutiana machoni. Vile vigelegele vilikuwa vya kijembe tangu wimbo uliporejeshwa mpaka mwisho, vikali kama vingine vyote alivyowahi kuvisikia. Jaribu, aliyejisifu kwa masikio yake maisha yake yote, siku ile alisikia alichotamani kusikia.

Bi Mize alitoka nje na bakora yake walipokwisha kuondoka. Aliangalia kreti lililokuwa tupu, akarudi ndani kwa wanawake.

Harusi ilikwisha vizuri kwa waliooana, nao wanazaa mpaka leo. Lakini kanda ya Bi Bosanova ilikufa siku ile. Wimbo wa tatu ukaitwa wimbo wa kumtukana Tamima, na kila mtu akawa anajua unasema nini, ingawa hakuna wawili waliojua kitu kimoja. Wapo walioapa kuwa unamwita mtu mbwa wa ofisi. Jaribu hakuitwa tena na upande wowote. Alirudi kwenye redio zake, na baadaye kwenye simu za mkononi, ambazo hazipendi fundi mwenye vidole vinene.

Wiki chache baada ya harusi alijiwa kibandani na Mwalim. Hilo ni jina lake. Kazi yake ni udaktari wa meno, na udaktari huo aliusomea Kuba. Mwalim alisimama mlangoni akasema amesikia ugomvi wote, na kwamba lugha ya wimbo ule ndiyo ya Kuba, naye anaijua kama Kiswahili chake. Akitaka, atamwambia sasa hivi.

"Sitaki," Jaribu alisema.

Mwalim alidhani hakusikia vizuri, akarudia. Jaribu akamwambia kwa adabu kuwa ana kazi. Aliona mambo mawili tu mbele yake. Ikiwa maneno ni mazuri, amempoteza ndugu yake kwa upuuzi. Ikiwa ni mabaya, amemtukana kwa kidole chake mwenyewe mara tatu. Yote mawili yalimtisha, na aliona heri asijue. Mwalim akenda zake, na hakurudi na neno lile tena.

Bi Mize alifariki mwaka wa tisini na tisa, wakati wakubwa wa vyama walipokuwa wametia saini muafaka wao wa mwanzo na wadogo bado hawajauona. Wanawe wawili waliingia kaburini kumpokea, mmoja kichwani na mwengine miguuni, kama inavyowapasa. Walisema "pole" na "shusha" na "taratibu," na maneno hayo waliyasema juu ya mama, si baina yao. Walipopanda, kila mmoja alipokea mikono ya watu wake. Jaribu alilia sana siku ile. Alikuwa amemuahidi, na mama yake alikwenda na kinyongo alichokitaja mwenyewe kwa kinywa chake.

Miaka ikapita, mingine ikiwa mibaya kuliko hiyo. Hatimaye ukaja mwaka wa maridhiano, wakubwa wakaunda serikali ya pamoja, wakapigwa picha wameshikana mikono, na wadogo wakajikuta hawana tena wa kumsingizia. Watu wa Vitongoji walianza kuamkiana kwa haya, kama maharusi. Othman alikuwa amestaafu na miguu inamuuma. Alimtuma Asma, aliyekuwa akimtembelea siku zote kwa siri iliyojulikana na kila mtu, amwambie baba yake aje.

Jaribu alikwenda baada ya sala ya adhuhuri. Hatua zenyewe hazikuwa nyingi, ni kupita nyumba ya mama tu, ambayo sasa ilikuwa imefungwa. Tamima alimkaribisha, akamuuliza hali yake na ya Moza, akaingia ndani. Ndugu wawili walikaa barazani. Walizungumza habari za miguu, kisha za dawa za miguu, kisha wakaishiwa.

"Ule wimbo," Othman alisema, "Mwalim kanambia maana yakwe."

"Lini?"

"Mwezi ule ule wa harusi. Nliipata kanda yakwe kwa mtu wa Wete, n'kampelekea aisikilize."

Jaribu alimgeukia. Akauliza wimbo unasema nini.

"Mwanamke amwambia mwenziwe njoo ukae hapa, kahawa yapoa. Basi. Kati hapo ataja dirisha, ataja mvua, mwisho arejea pale pale pa kahawa."

"Na tusi?"

"Hamna tusi."

Jaribu aliangalia uani, ambako hapakuwa na kitu cha kuangalia. "Kwa hivyo mama alipokufa ulikuwa ushajua," alisema. "Tuko kaburini sote wawili, na weye wajua."

"Nlijua," Othman alisema. "Nkikungoja weye uje. Weye ndiye mdogo."

Hasira ilimpanda Jaribu, hasira ya kweli, kubwa kuliko ya siku ya bendera, na neno zito lilimfika kwenye ulimi. Hakulitoa. Alimkumbuka Mwalim amesimama kwenye mlango wa kibanda, na maana ile ile kinywani mwake, naye akimfukuza kama mwombaji. Lau angaliisikia siku ile, angaliibeba mbio mpaka hapa kabla ya jua kuchwa, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuficha habari njema. Alijijua hivyo. Akamsimulia kaka yake, bila kujitetea, kwamba aliletewa maana mpaka mlangoni akaikataa.

Othman hakumlaumu. Alikuwa akisugua goti lake pale pale palipomuuma.

"Basi sote tulikuwa na njia ya kujua," Jaribu alisema. "Ni mama peke yakwe aliyekufa hakuambiwa."

Othman alijifunika uso kwa kofia yake. Jaribu alibaki amekaa kando yake, na hakuondoka mpaka alasiri ilipoadhiniwa.